Nyumba na Afya: Asiyekula Ngano Awapo Peke Yake Kampala

Askari ni mtu wa safari. Leo yuko Moroto, mwezi ujao yuko Arua, na mwaka ukigeuka huitwa Kampala kwa kozi, kwa kutoa ushahidi mahakamani, kwa matibabu au kwa kufuata barua ya uhamisho. Mkewe naye husafiri, na watoto wakikua husafiri kwenda vyuoni. Aghalabu kila mmoja huenda peke yake, na jambo la chakula halimsumbui: penye moshi na sufuria pana kula. Lakini wako watu ambao kwao kipande kimoja cha chapati chatosha kuwalaza kitandani siku tatu. Hao ndio wanaohusika na ukurasa wa juma hili, pamoja na jamaa zao wanaowafungia mizigo.

Ugonjwa wenyewe huitwa siliaki. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai mna protini iitwayo gluteni. Hiyo ndiyo inayofanya unga wa ngano ukikandwa uvutike kama mpira, na ndiyo inayoushika mkate usimomonyoke. Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake hugeuka adui wa nyumbani, ikaushambulia utando wa utumbo wake mwembamba. Utando huo kwa kawaida una vinyuzi vidogo vidogo mithili ya manyoya ya taulo, navyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Vinyuzi vikilala na kufutika, mtu hula akashiba, lakini mwili hubaki na njaa. Huharisha, au hufunga choo, hujaa gesi, hukonda, damu humpungua bila sababu inayoonekana, mifupa hudhoofika. Mtoto hudumaa, tumbo likatuna na mikono ikawa kama vijiti. Wengine hutokwa na upele wa malengelenge unaowasha sana viwikoni, magotini na matakoni, na tumboni wasijisikie vibaya hata kidogo.

Hauambukizi. Hufuata ukoo, na kwa wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa, takriban mtu 1 katika 10 huwa nao pia. Huko Ulaya hukadiriwa kuwa watu wapatao 1 katika 100 wanao, wengi wao bila kujua. Wala asidhani mtu kuwa ni maradhi ya Wazungu peke yao. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 uliwakuta karibu watoto 6 kati ya kila 100 wa Kisahrawi, watu wa Afrika tena wa jangwani, wakiwa na ugonjwa huu. Na wataalamu wakakumbusha kwamba watu hao zamani waliishi kwa maziwa ya ngamia, nyama na tende, kisha unga wa ngano ukawa ndio chakula chao cha kila siku.

Hapa yafaa onyo moja litolewe mapema. Si kila tumbo linalouma lina siliaki. Minyoo, amiba, kifua kikuu cha tumbo na virusi vya Ukimwi vyote huweza kumkondesha mtu na kumharisha vivyo hivyo, na vyote vina dawa zake, hali siliaki haina dawa ila kuacha ngano maisha yote. Kwa hiyo kipimo hutangulia. Hupimwa damu kutafuta chembe maalumu za kinga, na ikibidi daktari huingiza mpira wenye kamera na kuchukua kipande kidogo cha utando wa utumbo. Mgonjwa asiache kula ngano kabla ya kupimwa, kwani akiiacha mapema damu husafika, kipimo husema hana kitu, naye hurudi nyumbani akiendelea kuugua. Wengi wanaofunga safari ya hospitali kubwa ya rufaa huharibikiwa hapo, maana husikia ushauri wa jirani, hujinyima mkate miezi mitatu, kisha huja kupimwa ugonjwa walioufunika kwa mikono yao.

Namna ngano ilivyotambuliwa kuwa ndiye mkosaji ni hadithi ambayo wanajeshi watakuwa wepesi kuielewa, maana ilikamilika vitani. Katika mji wa The Hague, Uholanzi, alikuwako daktari wa watoto aitwaye Willem Karel Dicke, ambaye alikuwa ameanza kuishuku ngano hata kabla ya Vita Kuu ya Pili kufika kwao. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945 njia za chakula zilifungwa, na Waholanzi wakala hata vitunguu vya maua. Watu wengi walikufa kwa njaa. Watoto wa Dicke wenye siliaki, ambao ilitazamiwa kuwa wangetangulia kuzikwa, walipata nafuu kwa kukosa mkate. Amani iliporudi na mkate ukarudi, maradhi nayo yakarudi. Dicke aliandika matokeo yake katika tasnifu ya udaktari mwaka 1950, na tangu hapo shaka ikaondoka.

Kabla yake, mwaka 1924, daktari Sidney Haas wa New York alikuwa amewaponyesha watoto wengi kwa kuwalisha ndizi. Alidhani ndizi ndiyo dawa. Kumbe ndizi haikutibu kitu. Iliketi tu mahali pa mkate, na mkate ulipoondoka utumbo ukapumua. Kosa la Haas lilikuwa kuamini kwamba mtoto akishapona kwa ndizi aweza kurudishiwa mkate. Hata hivyo msomaji wa Uganda hawezi kuisoma habari hiyo bila kutabasamu. Chakula ambacho huko New York kiliandikwa na daktari, hapa huchemshwa kila nyumba.

Na kweli, jungu la nchi hii ni jungu la mwenye siliaki. Matoke, mihogo, viazi vitamu, viazi mviringo, mchele, mahindi, ulezi, mtama, maharage, njugu, simsim, samaki, nyama, mayai, maziwa na mboga za majani, vyote havina gluteni. Kalo ya ulezi na muhogo haina. Eshabwe ya Wanyankole na malakwang ya Waacholi hazina. Hata nsenene za mwezi wa Novemba, zikaangwapo kwa mafuta yao zenyewe na chumvi, hazina. Zaidi ya yote, posho na maharage ya mesi, chakula kinachotungiwa mizaha katika kila kambi tangu enzi za mkoloni, ni salama kuliko karamu nyingi za hoteli zenye vitambaa mezani. Kuruta mwenye siliaki aliyenung'unikia posho miezi tisa ya mafunzo hakujua kwamba alikuwa akitibiwa kwa gharama ya serikali.

Hatari iko mahali pengine, nayo ni asubuhi na njiani. Chai ya askari huja na mkate, mandazi au chapati. Mlo wa haraka wa Kampala ni roleksi, yaani mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati, au kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage. Jina hilo la pili limewadanganya wengi wakadhani ni chakula cha mashujaa; komando mwenye siliaki akikila, adui atamkuta chooni. Sambusa, keki, biskuti, tambi na makaroni zimo katika orodha hiyo hiyo. Basi mtu akiwa nyumbani kwake, mambo haya ni mepesi, kwani mke au mama anajua na sufuria inajulikana. Awapo peke yake jijini, hana jiko, hana wa kumwonjea, na njaa haimngojei apate wa kumwuliza. Hapo ndipo mpango unapohitajika.

Mpango huanzia nyumbani. Mfuko wa msafiri uwe na chakula cha siku moja na nusu, kwa sababu basi huweza kuharibika na miadi huweza kusogezwa. Odii, ule uji mzito wa njugu na simsim zilizosagwa ambao watu wa kaskazini hawatoki bila huo, hutiwa katika kopo lenye kifuniko na hukaa siku nyingi bila kuchacha. Hulambwa na muhogo wa kuchemsha au kiazi kitamu, na kipimo cha kiganja chashikilia mtu mpaka jioni. Mayai ya kuchemsha hutosha kwa siku ya kwanza. Njugu za kukaanga ni za dharura. Kijiko chake mwenyewe, kisu kidogo na sahani ya bati si mzigo. Na yule atakayemcheka kwa kubeba sahani kama yuko doria, na acheke.

Njiani mambo ni mazuri kuliko inavyodhaniwa. Anayetoka Mbarara atapita Lukaya, na anayetoka Mbale au Jinja atapita Namawojjolo, ambako wauzaji hulikimbilia basi na mishikaki, mapaja ya kuku na ndizi gonja za kuchoma. Gonja iliyochomwa juu ya makaa haina shaka yoyote. Nyama iliyopakwa chumvi tu haina shaka. Iliyopakwa rojo ya kahawia kutoka chupani ni ya kuachwa, kwa sababu sosi ya soya hutengenezwa kwa ngano pamoja na soya, na viungo vingine vya pakiti hutiwa unga wa ngano ili visigande. Dirishani pa basi hapana nafasi ya mahojiano marefu; dereva akipiga honi, msafiri achukue gonja na muhogo, aiache nyama.

Akishuka katika kituo cha mabasi, jambo la kwanza si kutafuta hoteli kubwa. Watu wengi hudhani kwamba mahali pa ghali ndipo pa usalama. Kwa mgonjwa huyu mara nyingi ni kinyume. Jikoni mwa hoteli kubwa mna sosi za chupa, supu za pakiti, soseji zilizochanganywa na chenga za mkate, na mpishi asiyeonana na mlaji. Kwa mama mwenye sufuria sita sokoni Nakasero, au katika vibanda vya chakula vya Owino, ambalo sasa huitwa Soko la Mtakatifu Balikuddembe, mpishi ndiye mwuzaji, naye anajua kila alichokitia tangu alfajiri. Matoke yake yamevumbikwa katika majani ya mgomba, mvuke tu umeyagusa. Mchuzi wake wa njugu umesagwa jana. Kinachobaki ni kuuliza, na kuuliza kuna adabu yake na kuna ufundi wake.

Adabu ni kusalimu kwanza na kufika kabla ya saa saba, wakati mafundi na makarani hawajajaa mabenchini. Ufundi ni kutouliza swali linalojibiwa kwa ndiyo ya heshima. Akiulizwa, "Chakula hiki hakina gluteni?" mama atasema hakina, kwa kuwa neno lenyewe halijui na mteja hapaswi kukatishwa tamaa. Neno la kutumia ni ngano, ambalo kwa Kiganda ni eŋŋaano, karibu lile lile. Mazungumzo mazuri huwa namna hii:

"Nnyabo, pole na kazi. Mchuzi huu wa njugu umetiwa nini?"

"Njugu, ssebo, na kitunguu na chumvi."

"Ngano haimo?"

"Ngano ya nini? Kwani napika chapati?"

"Na huu wa nyama, mbona mzito hivi?"

"Huo tumeukaza kidogo, mteja anapenda mzito."

"Mmeukaza kwa unga gani?"

"Si ule wa chapati, ssebo!"

Swali la "unga gani" ndilo lililofichua siri. Lau angeuliza tu kama mna ngano, yamkini asingejibiwa vile, maana mpishi hahesabu kijiko kimoja cha unga kuwa ni ngano; kwake huo ni mkono wa kukamilisha mchuzi. Na mwenye siliaki anaumizwa na kijiko hicho, hata na chini yake. Vipimo vya kimataifa vya vyakula huruhusu maneno "bila gluteni" yaandikwe juu ya pakiti ikiwa tu kilo moja ya chakula haina zaidi ya miligramu 20 za gluteni. Mtu na atazame ncha ya kidole iliyogusa unga ndipo ataelewa udogo wa kiasi hicho.

Kwa sababu hiyo si sufuria tu ya kuangaliwa, bali na mafuta. Chipsi ni viazi, na viazi havina neno. Lakini karai lililokaanga sambusa na mandazi tangu asubuhi limejaa chenga zao, na viazi vikitumbukizwa humo hutoka na ngano. Vivyo hivyo samaki. Pwani ya ziwa kule Ggaba ngege hukaangwa mzima, na wapishi wengi humpaka chumvi tu. Wengine humvingirisha katika unga ili asishike karaini. Ngege aliyechomwa au kuchemshwa huondoa swali. Mayai yanayokaangwa kando ya barabara hukaangwa juu ya bamba lile lile la chapati, kwa mwiko ule ule. Heri ya kuchemsha. Mwuzaji wa posho anayepakua kwa mkono uliotoka kushika chapati aombwe kwa upole anawe, na mara nyingi hukubali akiambiwa, "Daktari amenikataza, mwili wangu haupatani nayo." Neno daktari lina uzito jijini. Neno "sipendi" halina, na huudhi.

Kwa asubuhi, wenye nyumba za wageni hutoa chai na mkate kana kwamba dunia haina chakula kingine. Msafiri asibishane nao. Atoke nje atafute katogo, yaani matoke yaliyopikwa chungu kimoja na matumbo au maharage au njugu, chakula cha asubuhi cha watu wa kazi. Hakina ngano ikiwa supu yake haikukazwa. Uji wa ulezi na bushera ni vizuri vikipikwa kwa unga wa nafaka moja. Unga wa lishe wa pakiti wenye mchanganyiko wa nafaka nyingi usomwe maandishi yake kwanza, kwani baadhi hutiwa ngano au soya iliyosagiwa mashine moja na ngano.

Mikahawa ya Wahindi yastahili kutajwa pekee. Bhajia za unga wa dengu, dosa za mchele na choroko, wali na dali ni neema kwa mtu huyu, na ni nadra kupata mahali pengine Kampala penye vyakula vingi namna hiyo visivyo na ngano kwa asili. Kasoro ni mbili. Mafuta ya bhajia huwa pia ya sambusa. Na kiungo cha hingi, ambacho hutiwa katika dali kwa ajili ya harufu na kuondoa gesi, mara nyingi huuzwa kikiwa kimechanganywa na unga wa ngano. Wapishi wa Kihindi huelewa upesi sana wakielezwa, kwa kuwa wamezoea wateja wenye miiko.

Kwa Wahabeshi, ambao mikahawa yao iko hasa upande wa Kabalagala, wengi huenda wakiwa wameambiwa kwamba injera haina gluteni. Injera ya tefu tupu haina, ni kweli, na askari anayepelekwa Addis Ababa kwa kazi za Umoja wa Afrika atafurahi kuikuta. Ila tefu ni ghali nje ya Habeshi, na hata kwao huchanganywa na shayiri au ngano ili ipungue bei. Swali ni lile lile la sokoni, kwamba ni unga gani, na je, ni huo peke yake?

Kuhusu vinywaji, bia ya kawaida ni ya shayiri, basi imekatazwa. Tangu mwaka 2002 imekuwako nchini bia ya Eagle iliyobuniwa kwa mtama wa Epuripur, nayo imewapa wakulima wa mashariki soko zuri. Lakini mgonjwa asome kibandiko kila mara, kwani kiwanda kinachopika mtama hupika na shayiri. Waragi, kwa kuwa hukenekwa, gluteni haipandi na mvuke. Hiyo si ruhusa ya kunywa ile ya vichochoroni. Mwaka 2010 huko Kabale waragi iliyotiwa sumu ya methanoli iliwaua watu wengi katika siku chache, na hakuna utumbo mzima wala mgonjwa unaoistahimili.

Pigo gumu kuliko yote halitoki kwa wapishi wa kuuza. Hutoka kwa ndugu. Shangazi aliyesikia kwamba mtoto wa kaka yake amefika mjini kwa kozi huko Naguru atamwita Jumapili, na atapika alivyovipunguza matumizi ya juma zima ili avinunue, kisha katikati ya meza atasimamisha rundo la chapati za moto. Kukataa ni kumwambia kwamba mkono wake hautakati. Kula ni kulala na ugonjwa na kukosa darasa la Jumatatu. Wengi hula. Hula kwa aibu, hula kwa mapenzi, na baada ya miaka utumbo wao hubeba gharama ya heshima hiyo: damu haba, mifupa myepesi, na kwa wachache saratani ya utumbo. Njia iliyo bora ni simu ya Ijumaa, kabla sokoni hapajaendwa. "Shangazi, shikamoo. Nakuja Jumapili, nami nina njaa ya matoke yako. Daktari amenikataza ngano kabisa, hata chapati moja, hata mchuzi uliokazwa. Nipikie vya kwetu." Hapo shangazi hakataliwi chakula, anaombwa. Akiwa ni mwenyeji wa Buganda, yaelekea atafunga luwombo: kuku au nyama au njugu zilizofungwa katika jani la mgomba lililobabuliwa, zikapikwa kwa mvuke, pishi ambalo husimuliwa kwamba liliasisiwa na mpishi wa Kabaka Mwanga mwaka 1887. Hakuna chakula cha heshima zaidi mezani mwake, wala kisicho na ngano zaidi.

Kwa Wakristo, iko pia hostia, ambayo ni ya ngano. Kanisa Katoliki halikubali hostia isiyo na ngano hata kidogo, lakini hukubali iliyopunguzwa gluteni kwa kiasi kikubwa, na humruhusu mgonjwa kupokea katika kikombe peke yake. Anayekwenda Namugongo tarehe 3 Juni katika umati ule asitazamie kumpata padri wa kumweleza wakati huo huo. Amweleze wa parokia yake kabla ya kuondoka.

Ikiwa pamoja na uangalifu wote mtu amekula ngano, hakuna dawa ya kuikamata. Asijitapishe. Anywe maji mengi yaliyo salama, na akiharisha anywe yale ya chumvi na sukari ya pakiti yauzwayo dukani la dawa. Apumzike, ale wali na ndizi. Ila damu ikionekana chooni, au homa ikipanda, hiyo si kazi ya chapati. Aende hospitali siku ile ile, na asimwachie siliaki kila lawama. Na anaponunua dawa yoyote amwulize mfamasia kama vidonge vimeshikizwa kwa wanga wa ngano.

Anayekaa kozini kwa miezi amweleze mganga wa kambi siku ya kuripoti na apate cheti, kisha amwone msimamizi wa mesi akiwa na cheti hicho mkononi. Ombi lake ni dogo, wala halina gharama: apakuliwe posho na maharage kabla ya chapati za Jumapili kuguswa, na mahali pa mkate wa asubuhi apewe kiazi au yai. Wapishi wa mesi hukasirikia mtu anayechagua chakula. Hawamkasirikii mwenye cheti.

Kwa jamaa wa nyumbani wanaomfungia msafiri mzigo, hii hapa kabalagala, chapati ndogo ya ndizi na muhogo, ambayo huko Kampala wauzaji wengine huitia ngano na kwa hiyo ni bora ipikwe nyumbani. Huchukuliwa ndizi ndogo tamu zipatazo 10, zilizoiva hata ganda likawa na madoa meusi. Humenywa, hupondwa kwa mkono au kwa mwiko mpaka zisibaki na mabonge. Maji hayatiwi kamwe. Unga wa muhogo mkavu uliochekechwa hunyunyizwa kidogo kidogo huku ukikandwa, vikombe kama viwili, mpaka donge liache kunata mikononi. Ndizi zikiwa na majimaji mengi huhitaji unga zaidi. Wapendao huongeza pilipili ya unga, kidogo tu. Donge husukumwa juu ya kibao kilichonyunyizwa unga ule ule wa muhogo, wala si wa ngano kwa mazoea, unene wa kidole kidogo, hukatwa kwa mdomo wa bilauri, na hukaangwa katika mafuta mapya yasiyo moto mno, kwani sukari ya ndizi huungua haraka. Zikishakuwa za rangi ya kahawia huepuliwa na kuachwa zipoe kabisa kabla ya kufungwa, zisije zikatoa jasho ndani ya karatasi. Huliwa siku hiyo na kesho yake.